Nyumba Kati ya Mifereji Miwili

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kikao cha halmashauri, nikaketi na wazee wenzangu kwenye benchi la nyuma, pale tunapowekwa ili mkutano uonekane una heshima. Shauri lilikuwa la wagonjwa wa kifua kikuu. Watu wa mji walisema wagonjwa wengi wametoka wilayani, kwa hiyo wilaya ilipe chakula chao. Watu wa wilaya wakasema wagonjwa hao wameugulia mjini, kwenye vyumba vya kupanga vya Daraja Mbili, kwa hiyo mji ulipe. Walisimama, wakaketi, wakanywa chai ya maziwa, na mwisho wakaunda kamati ndogo. Nilicheka peke yangu mpaka kijana mmoja akaniletea maji, akidhani nimepaliwa.

Sikuwa nimepaliwa. Nilikuwa nimeukumbuka mfereji.

Kabla ya ile vita kubwa ya kwanza, Wajerumani wakiwa bado wamekaa bomani Arusha, nilikuwa karani wao. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali kule pwani hadi darasa la juu kabisa aliloruhusiwa mtu mweusi, nikarudi nyumbani mlimani nikiwa na mwandiko mzuri, Kijerumani cha kuombea ruhusa, na jozi ya viatu vyeupe vya turubai. Mlima Meru mzima, kwa kadiri nilivyojua, haukuwa na viatu vingine kama vile. Nilivisugua kwa chaki kila asubuhi, nikatembea kama jongoo anayeogopa kukanyagwa. Navitaja kwa sababu vilishiriki katika mambo haya kuliko inavyofaa viatu.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa amekwenda kufanya kazi ya reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Tanga kuja Moshi. Aliondoka mtu wa kubeba gogo peke yake. Aliporudi aliweza kubeba fimbo, tena ile fimbo ndiyo iliyombeba yeye. Alikohoa, akatoka jasho, akakonda, akatema damu. Msimamizi wa reli alikwisha kusema kwamba mtu huyu alikuja kazini akiwa mzima, basi ugonjwa ni mali yake binafsi. Wamisheni walisema nafasi waliyo nayo ni ya wabatizwa, na mjomba aliliacha darasa la ubatizo siku walipofika kwenye somo la mke mmoja. Akabaki na sisi, na mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa boma, nikijivuna kwamba nina mlango wa kubisha.

Daktari aliweka bomba la mti kifuani mwa mjomba, akasikiliza kwa muda mrefu, akanawa mikono kwa muda mrefu zaidi. Kisha akatoa amri nami nikatafsiri. Mgonjwa alale katika nyumba ya peke yake, mahali penye jua na upepo, sakafu iwe kavu. Anywe maziwa kila siku, ale nyama, apumzike. Mate yake ateme kwenye kopo lenye majivu na kuyafukia mbali na watu. Dawa hakuna, alisema, na nadhani hilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa katika shauri lile. Nikamwuliza nani atatoa maziwa na nyama. Akasema boma linatibu askari wake. Wenyeji wanatunzwa na jumbe wao. Akaagiza aitwe mgonjwa mwingine.

Mama na ndugu wa kike wakajenga kibanda kwenye kituta kilichoinuka, nje kidogo ya migomba, penye upepo kweli kweli. Kilikuwa kibanda kizuri. Sakafu waliitwanga ikawa kama chungu kilichochomwa. Mjomba akaingia, akatazama huku na huku, akasema hajawahi kujengewa nyumba na wanawake bila kuombwa mahari. Kilichobaki kilikuwa maziwa na nyama, na mvua za masika zilikuwa bado mbali. Ng'ombe wa mama alikuwa amekauka. Ilibidi jumbe atoe, na mapema, maana mwili wa mjomba ulikuwa hauna akiba tena.

Sasa hapo niueleze mfereji. Sisi watu wa mteremkoni tunaishi kwa maji yanayoletwa na mifereji ya udongo kutoka kwenye vijito vya juu. Mfereji wetu ulishuka katikati ya mgongo wa kilima, ukipita mbele ya kile kibanda na kunywesha migomba ya pande zote mbili kwa zamu. Upande wetu alitawala jumbe wetu. Ng'ambo alitawala jumbe wa ng'ambo. Wote wawili waliwekwa na boma, na wote wawili walichukiana kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha katika kazi nyingine yoyote. Jumbe wetu alivaa koti zito la kijeshi lisilo na vifungo, akilifunga kwa miiba hata jua la mchana. Jumbe wa ng'ambo hakuwa na koti, lakini alikuwa na mwavuli, na aliufungua ndani ya nyumba wageni walipokuja.

Nilipompelekea jumbe wetu amri ya daktari, alisikitika sana. Alisema anampenda mjomba kama ndugu. Tatizo, alisema, ng'ombe wake wako Olasiti kwenye malisho, na maziwa yangeganda njiani. Tena, mashamba ya babu yake mjomba hayakuwa ng'ambo? Basi mjomba, ukimchunguza vizuri, ni mtu wa ng'ambo. Nikavuka kwenda kwa jumbe wa ng'ambo. Naye alisikitika sana. Alisema mashamba ya babu ni ya babu, na babu hakohoi.

Shauri likafika bomani. Bwana Shauri, yule mzungu aliyekuwa akiamua kesi, alichoka kuwasikiliza majumbe wawili wakimgawana mtu kwa kumsukuma. Akaniuliza mimi: mpaka wa hawa watu ni upi?

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema kwamba mgonjwa ni mjomba wangu, kwamba nina mshahara, kwamba ng'ombe wa maziwa anaweza kukodishwa. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali la mpaka, mbele ya watu, nami nilikuwa na viatu vyeupe. Nikajibu kwa sauti ya shuleni kwamba mpaka ni mfereji, na mtu ni wa upande ambao nyumba anayolala imesimama. Nikachukua chaki nikachora juu ya ubao: mstari, na kijumba kando yake. Bwana Shauri akafurahi. Akasema huu ndio uwazi anaoutaka. Akaamua: jumbe ambaye mgonjwa analala upande wake atatoa maziwa kila siku, na kondoo mara kwa mara, mpaka mtu apone au afe. Kijumba kilikuwa upande wetu. Jumbe wetu aliinama kwa heshima mpaka mwiba mmoja ukachomoka kwenye koti.

Mtu wa mahali pengine angekihamisha kibanda. Lakini hakuna mtu aliyekubali kushika fito zilizokoholewa, na daktari alikwisha kukataza kibanda kisiguswe. Jumbe wetu akafikiri siku kadhaa. Kisha akauhamisha mfereji.

Nasema kweli. Aliwaita vijana wa kwake na majembe, wakachimba njia mpya iliyoacha ile ya zamani juu ya kibanda, ikazunguka kwa upande wetu, ikarudi kuungana nayo chini. Maji yakapita nyuma ya kibanda badala ya mbele. Kwa hiyo kibanda kikawa ng'ambo, na pamoja nacho kipande kizuri cha ardhi chenye migomba ya jumbe mwenyewe. Aliikata ardhi yake akampa adui yake, ili asitoe kibuyu cha maziwa.

Na mfereji kwetu hauchimbwi hivi hivi. Wazee wa mfereji walidai haki yao: kondoo achinjwe pale maji yanapofunguliwa, majani ya tumboni mwake yanyunyizwe mdomoni mwa mfereji, na pombe ya ndizi inywewe. Jumbe wetu akatoa kondoo. Akatoa pombe. Vijana waliochimba wakala, wazee wakala, mimi nikala, kwa sababu nilikuja kuangalia kazi kwa niaba ya boma. Moshi wa nyama ulikwenda moja kwa moja kibandani.

Mjomba alikuwa ameketi mlangoni akiota jua. Aliniita. Nikaenda hadi ukingoni mwa mfereji mpya nikasimama.

"Mpwa wangu," alisema, "kondoo huyu amechinjwa kwa ajili yangu?"

Nikamwambia amechinjwa kwa ajili ya mfereji.

"Mfereji unaumwa?"

Nikacheka. Akaniambia nivuke niketi naye. Nikasema pana tope.

"Si uvue viatu."

Nikasema nitachelewa bomani.

"Kweli," alisema. "Viatu hivyo vina kazi nyingi. Visalimie."

Jumbe wa ng'ambo aliposikia kwamba amepewa ardhi alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nimeishi miaka mingi mlimani hapa, nimeona watu wakipigana mapanga kwa ajili ya upana wa unyayo wa shamba. Yule ndiye mtu pekee niliyepata kumwona akikataa ardhi ya bure. Aliwaita vijana wake, akachinja kondoo wake, mnene kuliko yule wa kwanza ili isisemwe kwamba ng'ambo ni maskini, akaifungua tena njia ya zamani. Lakini hakuifunga ile mpya. Kuufunga mdomo wa mfereji uliokwisha kubarikiwa kunahitaji kibali cha wazee wote wa pande zote mbili, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshiba na hawakuona haraka.

Maji sasa yakagawanyika juu ya kibanda, yakapita mbele na nyuma, yakakutana chini. Mjomba akawa kisiwani.

Bwana Shauri alikuja juu ya nyumbu wake kutazama. Alitazama maji ya kulia, akatazama maji ya kushoto. Aliniuliza mfereji wa kweli ni upi, nami nikasema, kwa uaminifu wote wa msomi, kwamba yote miwili ina maji. Akasema basi nyumba haipo upande wowote, na kwa kuwa haipo upande wowote hakuna jumbe anayeweza kulazimishwa, mpaka mpaka upimwe na mtu wa vipimo kutoka pwani. Atamwandikia. Akageuza nyumbu. Mjomba alimpungia mkono kwa adabu, Bwana Shauri naye akagusa kofia yake.

Hivyo ndivyo mjomba alivyoishi, na sitaki kulizungusha: kondoo wawili walikwisha kuliwa, pombe ilikwisha kunywewa, vijana wa pande mbili walikwisha kutoa jasho lao, ardhi ilikwisha kutolewa na kukataliwa, na mgonjwa alikuwa bado hajaonja tone la maziwa ya serikali wala ya jumbe. Alikula alichopikiwa na mama na wake zake, ndizi na maharage, na siku njema supu ya mifupa. Mimi nilipokea mshahara wangu na kununua taa ya kioo. Kila nilipoulizwa na mama nilimwambia shauri liko bomani. Mama hakujua kusoma, na nilidhani kwa hiyo hajui pia kusubiri.

Kibaya zaidi, udongo wa kituta ulianza kunywa. Maji yakipita pande zote mbili hayana adabu, yanapenya. Ile sakafu iliyotwangwa kama chungu ikawa na rangi nyeusi pembeni, kisha katikati. Mama akamwaga majivu, akatandaza majani makavu ya migomba, kesho yake akayatoa yakiwa mabichi. Mjomba alisema tangu azaliwe hajapata kulala kitandani akisikia vyura chini ya mto.

Na masika yalikuwa yanakaribia sasa. Mawingu yalikaa mlimani hadi mchana.

Asubuhi moja mjomba alifanya jambo ambalo halikuwa katika amri yoyote. Alichukua lile kopo lake la mate, akajikongoja hadi pale juu maji yanapogawanyika, akaketi juu ya jiwe, akaliweka kopo ukingoni. Hakulimwaga. Aliliweka tu, akaliegemeza kwa kidole kimoja, akawa anatazama maji. Ilikuwa saa ya wanawake kuteka. Wanawake wa kwetu walifika wakamwona, na wanawake wa ng'ambo walifika wakamwona. Wote walirudi na vibuyu vitupu.

Jua halijafika utosini majumbe wote wawili walikuwa wamesimama mbele yake, mmoja na koti, mwingine na mwavuli, na kila mmoja ameshika jani la sale, lile jani refu la kijani ambalo mlimani huku mtu akikujia nalo ameomba msamaha, nawe huruhusiwi kumkatalia. Mimi nilikuwa nimekuja mbio kutoka bomani, nikasimama mahali pangu pa kawaida, ng'ambo ya tope.

Jumbe wetu akaanza kwa kumwita ndugu. Jumbe wa ng'ambo akamwita mwana wa kaka. Mjomba akayapokea majani yote mawili, akayageuza geuza.

"Haya nimepokea," alisema. "Sasa hili la kulia litoe maziwa asubuhi, na hili la kushoto jioni. Au tumwulize karani kwanza, maana yeye ndiye anajua jani limelala upande gani."

Watu wakacheka, wakanitazama. Nikatazama viatu.

"Na mfereji mmoja mfunge," akaongeza, sasa bila mzaha. "Wowote. Nyumba yangu ina maji."

Siku ile ile maziwa yakaja. Yalikuja kutoka kwetu na yakaja kutoka ng'ambo, kwa vibuyu vilivyofukizwa vizuri, mapya, yenye povu. Ng'ombe wa Olasiti wakawa wamepata miguu ghafla. Kila jumbe alitaka maziwa yake yanywewe kwanza, akatuma mtu kusimama na kuhakikisha. Mjomba alikunywa kadiri tumbo lake lilivyoweza, ambalo kwa wakati ule halikuweza kitu, na yaliyobaki akawagawia wanawake wa pande zote waliokuja kuteka maji. Nyama nayo ikaja. Alitafuna kidogo akatema.

Lakini mfereji haukufungwa. Majumbe walikubaliana kwamba mmoja ufungwe, ila jumbe wetu alitaka ufungwe wa zamani, na jumbe wa ng'ambo alitaka ufungwe mpya, kwa kuwa mtu wa vipimo kutoka pwani alikuwa bado anangojewa na hakuna aliyetaka akute mpaka umesogea kwa upande mbaya. Wazee wa mfereji walisema kwa vyovyote watahitaji kondoo. Walikuwa bado wanabishana juu ya rangi ya kondoo masika yalipoanza.

Mjomba alifariki wiki za mwanzo za mvua, vibuyu viwili vya maziwa vikiwa vimejaa kando ya kitanda. Mama aliniambia kwamba asubuhi ile miguu ya kitanda ilikuwa imezama. Hakuniambia kwa kunilaumu. Aliniambia kama mtu anayetaja hali ya hewa, na nimemsikia akisema hivyo tangu siku ile mpaka leo, ingawa naye amekwisha kufariki zamani.

Tulimzika pale pale kwenye kituta. Majumbe wote walihudhuria, wakalia vizuri.

Kisha ikafika zamu ya kodi ya nyumba. Majumbe walikusanya kodi kwa niaba ya boma na kupata chao humo, na kibanda kile, ingawa mwenyewe hayupo, kilikuwa bado kimesimama na paa lake. Jumbe wetu akaja bomani akasema nyumba ile ni ya upande wake, mfereji wa kweli ni wa zamani, kila mtu anajua. Jumbe wa ng'ambo akaja akasema nyumba ile ni ya upande wake, mfereji wa kweli ni mpya, karani mwenyewe ameona maji. Walibishana kwa moto. Mtu ambaye hakuwa wa mtu yeyote alipokuwa akikohoa, sasa kibanda chake kilikuwa na baba wawili.

Bwana Shauri akashika kichwa. Akaniita nichore tena.

Sikuchukua chaki. Nikasema nyumba ile ni yangu. Mgonjwa alikuwa mjomba wangu, mimi ndiye mtu wake, kodi iandikwe kwangu. Bwana Shauri akanitazama kwa mshangao, kisha akacheka, akawaambia majumbe kwamba hatimaye amempata mwenyeji mmoja anayeelewa maana ya wajibu. Nililipa. Nilisifiwa bomani kwa siku nzima. Nilibeba wajibu siku wajibu ulipokuwa haukohoi tena, wala haunywi maziwa, na nikapigwa bega kwa ajili ya hilo.

Nilikwenda kumweleza mama. Nadhani nilitaka na yeye anipige bega. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso.

"Kwa hiyo ile nyumba ni yako," alisema.

Nikasema ndiyo, yeyo, kama tunavyowaita mama zetu huku, ni yangu.

"Basi nenda kakae."

Nilikwenda. Mvua ilikuwa imepumzika na mifereji yote miwili ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Nilisimama mahali pangu pa siku zote, nikavua viatu, nikaviacha juu ya nyasi, nikavuka. Maji yalinifika magotini tu. Mlango ulikuwa umevimba, ilibidi niusukume kwa bega. Niliketi juu ya kitanda chake, na tope la sakafu likapanda taratibu katikati ya vidole vya miguu yangu, baridi, likanishika.